Peke yako ndani ya ndege na watoto wawili: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukisema tu kwamba utapanda ndege peke yako na mtoto mchanga pamoja na mwingine wa miaka mitatu, ushauri humiminika. Mwingi hutolewa kwa nia njema, lakini baadhi yake unaweza kumdhuru mtoto. Nimesafiri hivyo, mmoja kifuani na mwingine nimemshika mkono, na ninakuomba kila unaloambiwa ulipime kwa kuhesabu mikono: unayo miwili tu.

"Mpakate. Hakuna mkanda unaoshinda mikono ya mzazi."

Hili ndilo linaloniumiza zaidi. Mashirika mengi ya ndege huruhusu mtoto aliye chini ya miaka 2 apakatwe, na wazazi huichukua ruhusa hiyo kuwa ndiyo usalama wenyewe. Sivyo. Ndege ikishuka ghafla kwenye msukosuko wa hewa, au ikigonga ardhi kwa kishindo, mtoto wa kilo 10 huchomoka kwa nguvu inayozidi uzito wake mara kadhaa. Julai 19, 1989, ndege ya United, safari nambari 232, ilianguka Sioux City, Marekani. Ilikuwa na watoto wanne wa kupakatwa, na kwa utaratibu wa wakati ule wazazi waliambiwa wawalaze sakafuni. Mmoja alifariki. Jan Brown, aliyekuwa mkuu wa wahudumu siku hiyo, alitumia miaka mingi akidai kila mtoto awe na kiti chake.

Ukijaliwa uwezo, mnunulie mdogo nafasi yake, umfunge kwenye kiti cha usalama kilichoidhinishwa kwa ndege. Kama huwezi, hutakuwa mzazi mbaya kwa hilo. Uliza kuhusu mkanda mdogo wa mtoto unaopitishwa kwenye wa kwako. Uingereza na nchi nyingi za Ulaya hutumia mkanda huo, ilhali Marekani haiuruhusu wakati wa kupaa na kutua. Ila usiuzungushe mkanda wako ukawafunga wote wawili pamoja, kwa sababu mwili wako ndio utakaomkandamiza.

"Oksijeni ikihitajika, watoto kwanza."

Moyo wa mzazi husema hivyo, na naelewa. Lakini ndege ikipoteza hewa kwenye kimo cha futi 35,000, mtu asiye na oksijeni hubaki na akili ya kutenda jambo kwa sekunde 30 hadi 60 hivi. Kuivuta kamba ya barakoa nyuma ya kichwa cha mtoto anayelia na kupinda shingo kunaweza kuzimaliza zote, na ukizimia wewe, hakuna wa kumfikia yule wa pili. Jivike kwanza, kisha wao.

"Mpe dawa ya mzio alale njia nzima." Hapana. Dawa hizo huweza kumchangamsha mtoto badala ya kumlaza, na kwa mchanga zinaweza kuathiri upumuaji.

Kuhusu masikio, wengi huharakisha kunyonyesha ndege inapopaa. Maumivu makali kwa kawaida huja wakati wa kushuka, na safari ya kushuka huanza kama nusu saa kabla ya kutua. Mgandamizo wa hewa unapoongezeka, kijia chembamba kati ya sikio na koo hujibana, kumeza hukifungua. Kwa hiyo ziwa au chupa viwekee dakika hizo, na mkubwa apewe maji ya kunywa kwa mrija, kidogo kidogo.

"Maziwa yatamwagwa kwenye ukaguzi." Kikomo cha mililita 100 hakiyahusu maziwa ya mtoto Marekani, Uingereza wala Umoja wa Ulaya, mradi yawe ya kutosha safari. Yatoe kwenye mfuko mapema, umwambie mkaguzi.

"Mtoto wa kupakatwa hahitaji karatasi." Anahitaji. Lazima awe kwenye tiketi yako, na kwa safari za nje mara nyingi hulipiwa karibu asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima, na awe na pasipoti yake. Beba pia cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi mwenzako, kwa sababu maofisa wa uhamiaji wa nchi kadhaa huviulizia.

"Wahudumu watakushikia." Wapo wenye huruma sana, lakini kulea si kazi waliyopangiwa. Mdogo akitaka kubadilishwa nepi, mnainuka wote watatu: yeye kwenye mbeleko, mkubwa mbele yako akiwa amebeba nepi moja na pakiti ya vitambaa. Wangu aliishika nepi ile kwa mikono miwili hadi mlangoni mwa choo, wala hakukimbia hata hatua moja.

Na kigari cha mtoto? Wengi hudhani kikichukuliwa mlangoni pa ndege kitarudishwa hapohapo mkishuka. Viwanja vingine hukipeleka moja kwa moja kwenye mkanda wa mizigo, ng'ambo ya foleni ya uhamiaji. Mbeleko usiiweke kwenye sanduku.