Treni za kifalme: dhahabu ni kidogo, kazi iko relini

Watu wakija kuangalia mabehewa ya kifalme swali la kwanza ni dhahabu iko wapi. Ipo ndiyo, lakini sisi tunaoshinda na haya mabehewa ya zamani jicho letu liko kwingine kabisa.

Malkia Victoria wa Uingereza alipanda treni mara ya kwanza tarehe 13 Juni 1842, kutoka Slough mpaka Paddington pale London, kama dakika 25 hivi. Treni akaipenda, ila spidi hakuitaka kabisa, ikawa mchana isizidi kilomita 64 kwa saa na usiku 48. Mwaka 1869 akaundiwa mabehewa mawili pale Wolverton, kwenye karakana ya reli, moja la mchana na moja la kulala, dari lake hariri iliyoshonwa vifungo kama godoro, na katikati wakaweka njia ya kukunjika kama mvukuto wa mhunzi ili mtu avuke huku treni inakimbia. Uingereza hicho kilikuwa kitu kipya. Sasa bibi mwenyewe hakukiamini! Akitaka kuhamia behewa la pili treni inasimama kwanza, avuke, akae, ndio waondoke. Mwaka 1895 yale mawili yakaunganishwa yakawa behewa moja refu, na liko mpaka leo makumbusho ya reli pale York, nenda kaone, mimi naona ndiyo behewa zuri kuliko yote.

Lakini tuje relini kwenyewe. Malkia akisafiri kwenda Uskoti, kichwa cha treni kingine kilikuwa kinatangulia mbele yake kama dakika 15, peke yake, kazi yake kuhakikisha njia iko salama, na kwenye vivuko vya barabara wanasimamishwa walinzi. Treni ya mfalme ilivaa taa nne mbele, kwa hiyo mtu wa ishara akiziona tu anajua huyu hapa hakuna kumchelewesha.

Ziara ya Afrika Kusini mwaka 1947 nayo ilikuwa hivyo hivyo. Mfalme George VI wa Uingereza, mkewe na mabinti zao wawili walizunguka nchi kwa treni iliyopakwa rangi nyeupe, mabehewa 14, na ikatanguliwa na treni nyingine nzima. Yaani ikulu inayotembea, wanalala humo, wanashuka kusalimia watu, wanapanda tena.

Kabla ya hapo, mwaka 1941 wakati wa vita, huyo huyo mfalme alishaundiwa behewa la kukingwa kwa chuma. Mabomu yalikuwa yanadondoka, hariri ingesaidia nini?

Mwaka 2025 ikulu ya Buckingham ikatangaza kwamba treni ya kifalme itastaafishwa ifikapo 2027, matunzo yake ni ghali na helikopta zipo. Ukizoea kupiga pasi mapazia ya humo ndani inauma kidogo, ila kwa hesabu za pesa siwezi kubisha.