Sparingi ya taekwondo huanzia kwenye mguu uliobaki chini

Mwanafunzi mpya akivuka mlango wa dojang, yaani ukumbi wa taekwondo, siku ya kwanza, mara nyingi anataka kujua mambo mawili: lini atapewa mkanda wa rangi, na lini ataanza kupigana. La mkanda nalisogeza mbele. La kupigana namjibu kwamba ni leo hii, ila hatarusha teke hata moja. Namsimamisha mbele ya mwenzake, kiasi kwamba wakinyoosha mikono ngumi zao zinakaribia kugusana, na kazi yake ni kulinda umbali huo. Mwenzake akisogea, arudi. Akirudi, amfuate. Akienda pembeni, azunguke naye, mikono juu, magoti yakiwa yamelegea. Wanafanya hivyo kwa dakika mbili, muda ule ule wa raundi moja ya mashindano, na zikiisha jasho linamtiririka, mapaja yanawaka moto, na hajapiga wala kupigwa.

Nafundisha kyorugi, upande wa mapambano katika taekwondo, na nasema kwa uzito wote kwamba sparingi, yaani pambano la mazoezi, inaanzia hapo. Kumbi nyingi zinaanzia kwingine. Jumamosi ikifika, watoto wawili wanavalishwa hogu, ile kinga ya kifua, kocha anapaza sauti "sijak!" (anzeni!), na wanaachiwa. Mkubwa anamrukia mdogo, mdogo anafumba macho na kugeuza mgongo, wazazi wanapiga makofi. Baada ya muda yule mdogo haonekani tena mazoezini, na yule mkubwa amejifunza jambo moja tu, kwamba kusonga mbele kwa nguvu kunatosha. Siku atakapokutana na mtu wa kimo chake anayejua kurudi nusu hatua na kujibu, hatakuwa na la kufanya.

Tuchukue dollyo chagi, teke la kuzungusha, ambalo ndilo mkate wa kila siku wa kyorugi. Macho ya mtazamaji hufuata mguu unaoruka. Mimi natazama ule uliobaki sakafuni. Goti la mguu unaopiga linapanda kwanza mbele, limekunjwa, kama vile unataka kupiga teke la moja kwa moja. Mpinzani bado hajui litatoka nini. Wakati goti linapanda, kisigino cha mguu wa kusimamia kinainuka kidogo na kuzunguka kuelekea kwa mpinzani, mwili ukizungukia sehemu ya wayo iliyo chini ya vidole. Nyonga inageuka pamoja nacho. Hapo ndipo muundi unapofyatuka, mgongo wa wayo unatua kwenye hogu, na goti linakunjwa tena kabla mguu haujarudi chini.

Kisigino kisipozunguka, nyonga inakwama njiani. Teke linakuwa la goti na muundi peke yake, halina uzito wa mwili nyuma yake, na msokoto ambao ungepotelea sakafuni unaishia kwenye goti la mguu wa kusimamia. Wachezaji wengi wanaolalamika maumivu ya upande wa ndani wa goti hilo wanadhani wamepiga mateke mengi mno. Nikiwaomba wapige polepole mbele yangu, teke likitua vidole vya mguu wa kusimamia bado vinamwelekea mpinzani. Vinatakiwa viwe vimegeukia pembeni kabisa, au hata nyuma. Jikague mwenyewe: mwambie mwenzako apige picha miguu yako wakati teke linapogusa pedi, usipige picha ya uso.

Hapa kuna jambo la sakafu ambalo vitabu vya Seoul, nyumbani kwa taekwondo, havina haja ya kulitaja. Wengi wetu tunafanyia mazoezi kwenye saruji, kwenye darasa lililoondolewa madawati au ukumbi wa jamii, bila mati. Saruji tupu hunata. Ukizungusha mguu mtupu juu yake, ama ngozi inachubuka, ama mguu haugeuki na goti linalipa gharama. Basi mwili unajifunza kujilinda: mchezaji anaacha kuzungusha kisigino bila kujua, na tabia hiyo anakwenda nayo hadi kwenye mati nzuri. Kama huna mati, vaa raba nyepesi zenye soli laini siku za mateke ya kuzungusha, na siku za miguu mitupu fanya kazi ya hatua na mateke ya mbele. Ufagio pia ni kifaa cha mazoezi. Mchanga kidogo tu unatosha kumtelezesha mtu akiwa kwenye mguu mmoja.

Baada ya kisigino unakuja umbali, na umbali katika kyorugi hubadilika kulingana na jinsi wapinzani walivyosimama. Kama wote wawili wameweka mguu wa kulia nyuma, vifua vyao vinatazama pande tofauti. Teke la mguu wako wa nyuma hapo linatua upande wa mgongo wake, na mara nyingi ni mguu wako wa mbele ndio unaoufikia upande wa kifua. Mmoja akibadilisha mguu, vifua vyote vinageukia upande mmoja, na ghafla mguu wa nyuma wa kila mmoja una njia nyeupe kuelekea kifua cha mwenzake. Kubadilisha miguu kwa kuruka kidogo tu mahali ulipo kunaweza kufunga mlango au kuufungua. Mwanafunzi asiyeliona hilo atapiga teke zuri kwenye mahali pasipo na pointi na kumlaumu refa.

Pointi zenyewe zinafundisha. Kwa kanuni za World Taekwondo, shirika linalosimamia taekwondo ya Olimpiki, ngumi ya kifuani ni pointi 1, teke la kifuani 2, teke la kichwani 3. Teke la kifuani ulilolipiga kwa kujigeuza ni 4, na la kichwani kwa kujigeuza ni 5. Kila gam-jeom, yaani adhabu, inampa mpinzani pointi 1. Sasa tazama gam-jeom zinatolewa kwa nini: kuanguka, kutoka nje ya mati yenye pembe nane, kushika, kusukuma isivyoruhusiwa, kukwepa pambano, kuinua mguu kuzuia bila nia ya kupiga. Karibu zote ni makosa ya mtu aliyepoteza mizani au umbali. Mchezaji ambaye mguu wake wa kusimamia ni dhaifu anamlipa mpinzani wake kabla hajapigwa. Na tangu utaratibu wa kushinda raundi 2 kati ya 3 ulipoanza, ule uliotumika Olimpiki ya Paris 2024, kila raundi inaanza na sifuri. Zamani pointi za raundi zote zilijumlishwa na ungeweza kuuza raundi ya kwanza ukamsoma mpinzani. Sasa huna raundi ya kuuza.

Vijana hupenda mateke ya kujigeuza, na siwakatazi. Rio 2016, kwenye fainali ya kilo 80, Lutalo Muhammad wa Uingereza alikuwa akiongoza 6 kwa 4 zikiwa zimebaki sekunde za mwisho kabisa. Cheick Sallah Cissé akajigeuza, kisigino kikatua kichwani, akapata pointi 4 kwa hesabu ya wakati ule na kushinda 8 kwa 6. Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki kwa Côte d'Ivoire. Miaka 12 kabla yake, Athens 2004, Moon Dae-sung wa Korea Kusini alimwangusha Alexandros Nikolaidis wa Ugiriki kwa teke la aina hiyo hiyo. Video zote mbili zipo, na ninazionyesha darasani bila sauti. Teke la kujigeuza linataka umpe mpinzani mgongo kwa kitambo kidogo. Wakati huo unasimama juu ya mguu mmoja, humwoni, na kitu pekee unachokijua ni umbali uliokuwa nao kabla hujageuka. Kama umbali huo uliukadiria vibaya, unatua mikononi mwake. Ndiyo maana kwangu teke la kujigeuza linaingia kwenye sparingi baada ya mchezaji kuonyesha kwamba anaweza kurudi hatua moja na kujibu kwa dollyo bila kuyumba.

Anayedhani kyorugi bila mateke ya kichwa haina ladha, atazame taekwondo ya watu wenye ulemavu, iliyoingia Paralimpiki Tokyo 2020. Kule teke la kichwani limekatazwa kabisa na ngumi haina pointi. Kinachobaki ni miguu, kifua na umbali. Parfait Hakizimana, mkimbizi kutoka Burundi ambaye mkono wake uliharibiwa na vita akiwa mtoto, alifundisha taekwondo katika kambi ya Mahama nchini Rwanda na akashindana Tokyo kwenye timu ya wakimbizi. Mtu asiye na mkono mmoja wa kujikingia analindwa na hatua zake. Nawashauri makocha wote waendeshe raundi kadhaa kwa kanuni hizo, hata kwa wachezaji wenye viungo vyote kamili. Udhaifu wote wa miguu utajitokeza.

Sparingi ninayoiendesha ina kazi maalumu kila raundi. Mmoja anashambulia kwa mguu wa mbele tu, mwingine anaruhusiwa kusogea tu. Halafu yule wa kusogea anaruhusiwa kujibu, lakini baada ya mguu wa mwenzake kugusa sakafu. Halafu kabla haujagusa. Tofauti kati ya hizo mbili ni kubwa kuliko inavyosikika: ya kwanza inamfundisha subira, ya pili inamlazimisha kusoma bega na nyonga ya mpinzani kabla teke halijatoka. Macho yakae juu ya kifua, karibu na mtulinga, mfupa ulio chini ya shingo. Mwanafunzi anayetazama miguu huinamisha kichwa, na kichwa kilichoinama ndicho kinachopigwa. Nguvu naiweka chini kabisa. Teke liguse, lisichimbe. Raundi huru zinakuja mwisho wa wiki, na hata hapo nawapanga kwa uzito na umri, si kwa rangi ya mkanda.

Wanaotoka upande wa ITF (International Taekwon-Do Federation), shirika lililoanzishwa na Choi Hong Hi mwaka 1966, watakuta mambo tofauti kwangu. Sparingi yao inaruhusu ngumi za kichwani kwa glovu, kwa hiyo wanakaa karibu zaidi na mikono yao inafanya kazi nyingi. Wakija nawapokea kwa furaha, maana wanawafundisha vijana wangu kutoogopa kukaribiwa. Wao kwa upande wao hujifunza kwamba mguu wa mbele unaweza kumzuia mtu mbali hata kabla hajafika umbali wa ngumi.

Kuhusu kichwa sina mjadala. Mtoto anayeanza hapigwi kichwani kwenye ukumbi wangu, hata kama amevaa helmeti. Helmeti inapunguza michubuko, lakini haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Mchezaji yeyote aliyepigwa kichwani akaona ukungu, akasahau pointi, akataka kutapika au akajibu maswali polepole, anatoka, na harudi siku hiyo hata akiniapia kwamba yuko sawa. Mzazi anaambiwa ana kwa ana, na kijana anakwenda kuonana na daktari kabla hajavaa tena hogu. Vilevile sikubali kijana anayekua ajinyime maji ili ashuke uzito usiku wa kuamkia mashindano. Apande kilo, ashindane kwenye kundi lake halisi.

Limebaki suala la hogu za elektroniki, ambalo naulizwa sana na makocha wa mikoani. Hogu ya elektroniki inasoma mguso wa soksi yenye vihisi pamoja na nguvu ya pigo, na kiwango cha nguvu kinachotakiwa kinatofautiana kwa makundi ya uzito. Ngumi, pamoja na pointi za nyongeza za kujigeuza, bado zinatolewa na waamuzi wa pembeni kwa kubonyeza. Hogu ya kawaida inamzoesha mchezaji kutafuta mlio. Akipiga kwa kishindo kwenye mkono uliokinga, ukumbi mzima unashangilia. Ile ya elektroniki haisikii kishindo. Inataka vihisi vya soksi vitue kwenye eneo la pointi kwa nguvu inayotakiwa, na kwa hiyo mguu wa mbele unaoteleza juu ya mkono na kugusa ubavu unaweza kushinda teke zito lililotua kwenye kiwiko. Nimeona wachezaji hodari wa kwetu wakivaa vifaa hivi kwa mara ya kwanza siku ya mashindano ya nje, wakipiga na kupiga huku ubao ukibaki kimya.

Seti ya vifaa hivi ni ghali, na klabu moja peke yake haiwezi kuubeba mzigo huo. Klabu kadhaa za jirani zinaweza kununua kwa pamoja, zikaitumia kwa zamu mwezi mmoja kabla ya mashindano. Mpaka hapo, chukua hogu ya kawaida na chaki. Paka chaki nyeupe kwenye mgongo wa wayo wa mchezaji, mwache apigane raundi moja ya dakika mbili, kisha msimamishe mwenzake chini ya taa na mhesabu pamoja alama zilizo kamili kwenye eneo la pointi, zilizo nusu, na zilizo kwenye mikono. Futa, paka upya, badilishaneni.