Judy Heumann na sahihi iliyongojewa miaka 4

Wiki iliyopita baba mmoja wa Kadutu alinifikia na binti yake mgongoni, miaka saba, miguu haina nguvu. Direkta wa masomo moja amemkatalia sababu ya ngazi, eti akianguka nani atajibu? Mimi kazi yangu ni elimu maalum hapa Bukavu, na kila nikisikia hiyo habari ya ngazi namkumbuka Judy Heumann, mtetezi wa haki za walemavu.

Huyu mama alizaliwa Marekani 1947, polio ikampata ana miezi 18, na umri wa masomo ulipofika direkta akasema kiti chake cha magurudumu ni hatari moto ukitokea. Basi akawa anafundishwa nyumbani, masaa mawili na nusu kwa wiki, wiki nzima! Alipokua, 1970, New York ikamnyima leseni ya ualimu, akaenda mahakamani, akaipata.

Sasa sikieni hapa maana wengi wanapapita haraka. 1973 Marekani ilipitisha sheria, kifungu cha 504, kwamba anayepokea pesa ya serikali kuu asimbague mlemavu. Nzuri sana, lakini kanuni za utekelezaji zikabaki bila sahihi, na bila kanuni direkta hajui analazimika kufanya nini na mzazi hajui adai nini, nani ajenge njia ya kiti, nani ampime mtoto, yote yanaelea tu. 1977 Heumann na wenzake zaidi ya mia wakaingia jengo la serikali San Francisco, wakalala humo karibu mwezi, wengine hawana hata mtu wa kuwageuza usiku, mpaka waziri Joseph Califano akatia sahihi tarehe 28/4.

Miaka 16 baadaye rais Clinton akamweka Heumann mwenyewe asimamie elimu maalum ya nchi nzima, 1993 hadi 2001. Halafu Benki ya Dunia, halafu wizara ya mambo ya nje wakati wa Obama. Alifariki 2023. Kwangu mimi uzito wake ofisini ulitoka kule San Francisco, alikuwa anajua sheria inakwama mlango gani.

Sisi Kongo tunayo sheria ya tarehe 3/5/2022 ya haki za watu wenye ulemavu, na katiba kifungu cha 49. Nimeshafotokopi zote mbili. Jumatatu tunaenda kwa direkta, mimi, baba na mtoto, na swali letu ni moja tu: darasa la kwanza haliwezi kushuka chini?