Vinteji si uzee: mwaka ulioandikwa kwenye chupa ya shampeni

Katika hoteli za Nungwi, Paje na Mji Mkongwe nimesikia mara nyingi mno mhudumu akimwambia mgeni kwamba shampeni fulani ni vinteji, akikusudia kwamba ni kuukuu. Shampeni ya vinteji ni ile iliyotengenezwa kwa zabibu za mavuno ya mwaka mmoja tu, na mwaka huo ndio unaoandikwa kwenye lebo. Isiyoandikwa mwaka aghalabu ni mchanganyiko wa mavuno ya miaka kadhaa.

Neno lenyewe halikuzaliwa na uzee. Asili yake ni Kilatini *vindemia*, lililoungwa kwa *vinum*, yaani divai, na *demere*, yaani kuondoa. Wafaransa wakalifanya *vendange*, kazi ya kuvuna zabibu, na Waingereza wakalipokea kwa njia hiyo. Ni jina la uchumaji, na Mpemba anayejua kwamba mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka hahitaji kuelezwa kwa nini mavuno hutajwa kwa mwaka wake. Maana ya ukale ilikuja baadaye, ikazoeleka kwa magari, nguo na saa, kisha ikairudia chupa na kuifunika maana ya kwanza. Wafaransa wenyewe huiita shampeni hiyo *millésimé*, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya "ya elfu", kwa sababu ya tarakimu za mwaka. Katika maneno yote mawili uzee haumo.

Kosa hili linaniudhi khasa kwa kuwa linaficha swali la maana zaidi, nalo ni kama shampeni hiyo inaweza kuendelea kukaa. Sheria ya Champagne, eneo la Ufaransa inakotoka shampeni, inataka shampeni ya vinteji ilazwe chupani miaka 3 kabla ya kuuzwa, na isiyoandikwa mwaka miezi 15, lakini baada ya hapo kinachoibeba ni uchachu wake. Mavuno ya 2008 yalikuwa na uchachu mwingi, ndiyo maana yanasifiwa kuwa ya kuwekwa. Mwaka 2003 joto kali liliikumba Ulaya, uchachu wa zabibu ukapungua. Anayeonja na ameze kidogo, asubiri: mate yakiendelea kumtoka pembeni mwa ulimi, uchachu bado una nguvu. Harufu ya ndimu na tufaha bichi ni ya ujana, na ya mkate uliochomwa, asali na njugu zilizokaangwa ni ya makamo. Akitazame na kizibo: cha chupa changa hutanuka chini mara kinapotoka, na kilichobanwa miaka mingi hubaki chembamba kama kigingi.

Kwa hiyo mgeni akiuliza, ndugu yangu mhudumu na amjibu kwamba hii ni ya mavuno ya 2008. Akitaka kujua imekaa vipi, aigeuze chupa, kwani baadhi ya watengenezaji huandika nyuma yake tarehe iliyotolewa mashapo ya hamira iliyoipa povu, na hapo ndipo yanapoanza mazungumzo ya umri.