Akikohoa mwache, akinyamaza muwahi

Nina miaka kumi na mmoja ya uuguzi katika kitengo cha dharura, na kuna mtoto mmoja sijamsahau. Alikuwa na mwaka na nusu, alipaliwa nyumbani, akaletwa kwetu mbio kwa bodaboda, mama amemkumbatia kifuani, dereva anapiga honi njia nzima. Walijitahidi kweli. Lakini ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika ndani ya dakika chache, nne hivi, na kutoka kwao hadi mlangoni petu ni mwendo wa dakika ishirini. Mbegu ya ubuyu tuliitoa. Mtoto hakurudi.

Ndiyo maana nawaomba: mtu akipaliwa, usianze kutafuta usafiri. Anayeweza kumwokoa ni yule aliyekaa naye mkekani. Mwingine apige simu na kutafuta gari, wewe anza kazi hapo hapo.

Kwanza sikiliza. Anayekohoa kwa nguvu, hata kama machozi yanamtoka, bado anapitisha hewa, na kikohozi chake kina nguvu kuliko mkono wako. Mhimize aendelee kukohoa. Usimpe maji, usimgonge utosini, usimwambie atazame juu. Wa kuogopewa ni aliyenyamaza: mikono ipo shingoni, mdomo uko wazi, sauti haitoki. Kwa ngozi zetu nyeusi weusi wa uso hautakwambia kitu. Tazama ulimi, midomo kwa ndani na kucha, vinageuka kijivu au bluu. Muulize, "Umepaliwa?" Akiitikia kwa kichwa tu, usingoje zaidi. Na ukiona mtu ameinuka ghafla mezani anakimbilia chooni ameshika koo, mfuate. Wengi huona aibu, wakaenda kuzimia peke yao.

Simama ubavuni kwake, mkono mmoja umshike kifua, muinamishe mbele ili kitu kikilegea kitoke mdomoni badala ya kurudi chini. Kwa kitako cha kiganja mpige katikati ya mabega, mapigo matano, kila pigo liwe la kukusudia kuking'oa. Kisiposogea, mzunguke nyuma, kunja ngumi uiweke juu ya kitovu, chini ya chembe cha moyo, ishike kwa mkono wa pili, kisha vuta kwa ghafla kuelekea ndani na juu mara tano. Unaibana hewa iliyobaki mapafuni itoke kwa kishindo na kusukuma tonge. Rudia mgongo mara tano, tumbo mara tano, mpaka kitoke au alegee. Mjamzito, au mtu mnene usiyeweza kumzungushia mikono, mbane katikati ya kidari, si tumbo.

Njia hiyo ya tumbo iliandikwa na daktari Mmarekani, Henry Heimlich, mwaka 1974, naye alipinga mapigo ya mgongoni maisha yake yote. Kwa miaka mingi Wamarekani walifundisha tumbo peke yake huku Ulaya wakianza na mgongo. Mwongozo wa Marekani wa 2025 nao umerudisha mapigo matano ya mgongoni kabla ya tumbo. Kwa hiyo aliyefundishwa tumbo tu zamani asishangae.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka ana utaratibu wake, na hapa naomba usome polepole. Tumbo lake haliguswi, kwa sababu ini lake ni kubwa na linaweza kupasuka. Kaa, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako ulioegemea paja, kichwa kiwe chini kuliko kifua, vidole vyako vikishika taya bila kubana koo. Mpige mara tano katikati ya mabega. Mgeuze chali, kichwa bado chini, umbonyeze kidari mara tano, chini kidogo ya mstari wa chuchu. Kisha mgeuze tena. Usimning'inize kwa miguu. Wala usichokore kooni kwa kidole. Kama kitu hukioni, utakisukuma ndani zaidi.

Aliyepaliwa akizimia, mlaze chini, piga simu kama hamjapiga, anza kukandamiza kifua: mara thelathini, pumzi mbili, na kila unapotaka kumpulizia chungulia mdomoni kwanza. Ukikiona kitu, kitoe.

Mwiba wa samaki ni jambo jingine. Mwenye mwiba anaongea, anapumua, anaumia akimeza. Mwiba uko kwenye njia ya chakula, si ya hewa, kwa hiyo usimbane tumbo. Na lile tonge la ugali tunalomezeshwa tangu utotoni liacheni. Nimeona mwiba uliokuwa juu, wa kutolewa kwa koleo kwa dakika moja, umeshindiliwa ndani ya nyama ya koo. Huyu ndiye wa kupelekwa hospitali taratibu.

Aliyebanwa tumbo aje apimwe hata akijisikia mzima, maana ini au bandama huweza kuumia. Na mtoto aliyepaliwa karanga, ikaonekana imepita, halafu akabaki na kikohozi na mlio kifuani upande mmoja, msimwambie daktari "ana mafua" tu. Mwambieni na ile siku ya karanga. Kipande kinaweza kuwa kimekaa kwenye pafu, na mtoto akatibiwa nimonia wiki hadi wiki bila kupona.