Kungu si mmoja: mwangalie pua kabla ya rangi

Kungu ni jina la jumla la samaki wa jenasi Lutjanus, na wako wa aina nyingi. Mtu akinionyesha samaki mwekundu dikoni akaniuliza huyu ni kungu gani, swali langu la kwanza si rangi, ni mmemvua wapi? Manake akishalala barafuni rangi inapauka, wa hudhurungi anaonekana mwekundu, mwekundu anakuwa waridi, sasa wote wanafanana kwenye karai na tajiri, yule mnunuzi wa samaki, anawapima bei moja.

Kule mikokoni, kriki ya Tudor au Mtwapa upande wa Mombasa, ukipata kungu mdogo wa hudhurungi mwenye mistari myeupe ya kusimama ubavuni na uzi wa buluu chini ya jicho, huyo ni Lutjanus argentimaculatus. Anakulia kwenye mizizi ya mikoko, akikua mistari inapotea, anatoka nje ya mwamba mpaka kina cha zaidi ya mita 100, na huko ndo watu wanamchanganya na kungu mwingine, bohar.

Bohar nataka tuende naye pole pole kwa sababu ndo anayenitia wasiwasi. Lutjanus bohar ni wa mwamba wa nje. Mshike kichwa, weka ukucha mbele ya jicho uuvute kuelekea puani, utaingia kwenye mtaro. Kwa yule wa mikokoni ukucha unateleza tu. Wadogo wana madoa mawili ya fedha mgongoni, kama waliguswa na vidole vyenye chokaa, lakini kwa wakubwa mara nyingi yameshafutika, kwa hivyo usiyategemee, tegemea mtaro. Bohar mkubwa ana sifa mbaya ya sumu ya sigwatera sehemu kadhaa za Bahari ya Hindi, anaipata kwa kula samaki wengine, na haitoki kwa kukaanga wala kugandisha, kwa hivyo mama karanga, yule anayekaanga samaki wa kuuza, ana haki ya kujua amenunua nani.

Kungu wa kwenye nyasi za baharini tunayemwita tembo, mwenye mistari ya manjano na doa jeusi ubavuni chini ya sehemu ya nyuma ya pezi la mgongo, ni Lutjanus fulviflamma. Mwenye mistari minne ya buluu juu ya manjano ni Lutjanus kasmira, huyo hata mtoto hamkosei. Lutjanus gibbus mtazame mkia, ncha zake ni za mviringo, na kipaji cha uso kimesimama.

Ukitaka nikusaidie, piga picha kabla ya barafu, mapezi yakiwa wazi, pua ionekane vizuri, halafu niambie ulishusha mshipi pima ngapi.