Miaka 20 kazini haitoshi kuitwa tafakuri

Wiki jana, katika ukumbi wa mafunzo hapa Kisumu, mkurugenzi mmoja wa kaunti aliinua mkono kabla sijamaliza kueleza zoezi la shajara, daftari ambamo maafisa huandika tafakuri ya kazi zao. "Mwalimu, mimi nina miaka 20 kazini. Hiyo tafakuri nimeshaifanya." Wenzake wakapiga makofi. Kila kundi huniletea maneno hayo, na yamenichosha.

Mwanafalsafa wa Marekani John Dewey aliliweka wazi jambo hili mwaka 1910: kutafakari ni kuichukua imani uliyo nayo na kuikagua misingi inayoishikilia. Uzoefu unakujaza imani. Kazi ya kuzikagua bado ni yako. Donald Schön naye, msomi wa namna wataalamu wanavyojifunza kazini, mwaka 1983 alitenganisha kutafakari katikati ya kazi na kutafakari baada yake. Hayo yamo katika makabrasha ya mafunzo, sitayarudia.

Kinachoniudhi ni ripoti inayoitwa tafakuri. Mkurugenzi yule aliandika kwamba kikao chake cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti kilipata watu wachache, na kwamba safari nyingine atatangaza mapema na kukodi bodaboda yenye kipaza sauti. Amesahihisha kitendo, lakini wazo lililokizaa halijaguswa. Chris Argyris, msomi wa namna mashirika yanavyojifunza, alitumia mfano wa kifaa kinachodhibiti joto la nyumba: kinatambua baridi na kuwasha moto, ila hakijiulizi kamwe kwa nini kiliwekewa kiwango kile.

Basi nikamuuliza, kikao kilikuwa saa ngapi? Saa nne asubuhi, Aprili, kwa kuwa makadirio ya bajeti lazima yafike bunge la kaunti kabla ya tarehe 30. Aprili huku kwetu mvua imekolea na watu wako shambani wanapalilia mahindi. Hilo alilijua, amekulia kijijini. Kwa nini saa nne, basi? Ndizo saa za kazi. Na jioni? Dereva hayupo. Nikanyamaza. Akakaa kitambo, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Watu wakiwa wachache, maswali pia huwa machache."

Hapo ndipo tafakuri ilipoanza. Kifungu cha 201 cha Katiba kinachotaka umma ushirikishwe katika masuala ya fedha alikuwa anakijua kwa moyo. Alichokuwa hajawahi kukitazama ni hofu yake mwenyewe, na ratiba aliyoijenga juu ya hofu hiyo.

Nina mashaka yangu pia. Shajara nikiisahihisha, watu huandika ya kunifurahisha. Nisipoisoma, sina cha kupima. Na ikiangukia mikononi mwa bosi, ungamo hugeuka ushahidi wa kinidhamu. Afisa anayeficha makosa yake katika ofisi ya namna hiyo simlaumu. Ndiyo maana siku hizi nategemea zaidi vikundi vya watu watano au sita wa cheo kimoja, wanaokutana kila mwezi na kuulizana maswali bila kupeana ushauri. Reg Revans, mwanzilishi wa njia hii ya kujifunza kwa vikundi, aliwakutanisha hivyo mameneja wa migodi ya makaa ya mawe Uingereza, miaka ya 1940. Hata hivyo, nimeona vikundi vikivunjika mara tu cheti kinapotolewa na kupelekwa kwenye faili ya kupandishwa cheo.

Mkurugenzi yule sijui atafanya nini. Aprili ijayo nitalitafuta tangazo lake, nitazame saa.